Jinsi ya kuitisha mkutano wa kikundi cha watumiaji kompyuta Nairobi, na kuutangaza hadi mgeni afike

Tangazo la mkutano kwa kawaida huandikwa na mtu anayepajua mahali, anayejua saa na anayejua atakutana na nani. Ndiyo maana huacha nje yale yale ambayo mgeni anayahitaji. Mwongozo huu nimewaandikia wanaoendesha vikundi vidogo vya watumiaji kompyuta hapa Nairobi, vikundi visivyo na ofisi wala mfadhili, ambavyo hukutana mara moja kwa mwezi ili watu wasaidiane. Huyu laptopu yake imezeeka, yule anataka kujua jinsi ya kupanga hesabu za chama kwenye jedwali, mwingine amekuja kuuliza kwa nini simu yake hujaa kila wiki. Nimejitolea katika kazi hii miaka kadhaa, na neno langu kubwa ni hili: kila unachopanga na kila unachoandika, mfikirie kwanza yule ambaye hajawahi kuja. Waliozoea watafika tu.

Chagueni siku, kisha msiihamishe

Tuseme ni Jumamosi ya pili ya mwezi. Iwe hivyo mwaka mzima. Aliyekosa mwezi huu atajua mwezi ujao ni lini bila kumuuliza mtu, na anayetaka kumwalika jirani hana haja ya kutafuta bango. Kikundi kinachouliza kila mwezi "jamani, tukutane lini?" humaliza wiki nzima kwenye majibu, na siku inayopatikana huwa ile inayowafaa waliojibu upesi, ambao ni wale wale wa kila mara.

Siku inayomfaa kila mtu Nairobi haipo. Jumamosi Waadventista wako ibadani na wenye vibanda ndipo wanapouza zaidi. Jumapili asubuhi ni kanisa. Ijumaa adhuhuri Waislamu wako msikitini. Jioni za katikati ya wiki barabara zimefunga, na anayeishi Rongai au Githurai akitoka mjini saa moja usiku hajui atafika nyumbani saa ngapi. Mimi naegemea Jumamosi alasiri, pamoja na kikao kidogo cha Jumapili alasiri kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya wale ambao Jumamosi haiwezekani kabisa. Hicho nacho kiwe na tarehe zinazojulikana tangu Januari.

Kisha tazameni kalenda ya mji. Nusu ya kwanza ya Januari ni ya karo na sare za shule, nauli yenyewe ni shida. Baada ya Jamhuri Dei, tarehe 12 Desemba, watu wengi wako ushago au wako njiani. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, mvua ya jioni ikishika, nauli hupanda papo hapo na mwenye watoto nyumbani huanza kutazama dirisha badala ya skrini. Ndiyo sababu saa ya kumaliza ina uzito kuliko saa ya kuanza. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Mkimaliza saa kumi na moja kamili, mtu ana muda wa kufika steji na kupanda gari kukiwa bado na mwanga. Mkivuta hadi saa moja, wa kwanza kuacha kuja ni akina mama na wasichana, na hawatawaambia sababu.

Ukumbi

Tafuteni mahali pa bure kabla ya mahali pa kulipia. Maktaba ni za kwanza kuulizwa. Maktaba ya McMillan iliyopo Banda Street, kando ya Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa mwaka 1931, na ina matawi Kaloleni na Makadara, karibu kabisa na watu wa Eastlands. Kuna pia maktaba za taifa, kumbi za kijamii za kaunti, kumbi za makanisa, na maabara za kompyuta za vyuo ambazo Jumamosi alasiri hukaa zimefungwa. Eneo la Ngong Road lilipata sifa ya teknolojia tangu iHub, kituo cha vijana wabunifu wa teknolojia, ifunguliwe huko mwaka 2010, na wapo wanaodhani mkutano wa kompyuta lazima ufanyikie upande huo. Si lazima. Anayetoka Dandora hulipa nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kama wengi wa mnaowataka wako Eastlands, mkutano uende Eastlands.

Msikutanie hotelini ambako mtu anatazamiwa kuagiza kitu. Kijana asiye na hela ya soda hataingia, na hatasema kwamba hilo ndilo lililomzuia.

Ombeni kwa barua, hata kama meneja wa ukumbi ni rafiki yenu. Ukurasa mmoja unatosha: mtakuwa watu wangapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, mtatumia nini, nani atafungua na kufunga, nani atalipa kitu kikivunjika. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Meneja akihamishwa, anayekuja hana habari ya makubaliano ya mdomo, na ile nakala ndiyo itakayowaokoa. Kumbi nyingine zitataka cheti cha usajili. Kikundi cha kujisaidia husajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lenu, chini ya sheria ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii, na cheti hicho hicho ndicho benki itakachouliza mkitaka akaunti.

Kabla ya kukubali, nendeni mkaukague ukumbi siku na saa ile ile ya mkutano. Jumanne asubuhi ni kimya. Jumamosi alasiri huenda kuna mazoezi ya kwaya chumba cha pili. Hesabuni soketi, na chomekeni kitu katika kila moja, kwa sababu soketi iliyokufa haina alama usoni. Angalieni choo kama kina maji. Angalieni ngazi: mtu wa kiti cha magurudumu au mzee mwenye magoti mabaya atafika juu? Projekta itamulika ukuta gani, na jua la saa tisa litapiga wapi?

Umeme

Hapa nitakaa kidogo, maana mikutano mingi huharibikia hapa.

Umeme wetu ni wa volti 240, na plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha: ekstensheni moja isibebe zaidi ya wati 3,120 hivi. Chaja ya laptopu ya kawaida ni wati 65, kwa hiyo laptopu 15 ni wati 975. Projekta ni kama 300. Hadi hapo mko salama. Kisha mtu mwenye moyo mwema anachomeka birika la umeme la wati 2,200 ili wageni wapate chai. Jumla imefika 3,475. Ekstensheni inaanza kupata moto, fyuzi inaweza kukatika, na laptopu ya mgeni ambayo betri yake ilikufa zamani inazimika wakati mfumo mpya wa kuiendesha umeandikwa nusu kwenye diski. Chai ichemshwe kwa gesi, au ije kwenye chupa kutoka nyumbani. Birika lisiguse ekstensheni ya kompyuta kamwe.

Nunueni ekstensheni nzito, zenye waya mnene, na mzikunjue zote: waya uliobaki umejizungusha kwenye gurudumu lake huhifadhi joto. Bandikeni waya sakafuni kwa selotepu pana mahali watu wanapopita. Bebeni adapta mbili tatu za plagi za miguu miwili, kwa kuwa laptopu zilizotoka Ulaya au Marekani huja na chaja zisizoingia kwenye soketi zetu. Siku mbili kabla, someni matangazo ya Kenya Power ya maeneo yatakayozimwa kwa ukarabati. Huwa yanataja mtaa na saa. Stima ikipotea ghafla, muwe na mada ya akiba isiyohitaji projekta. Kutambua ujumbe wa matapeli kwenye simu ni mada inayojaza saa nzima, na kila mtu ana mfano wake mfukoni.

Mada iwe swali la mtu

"Utangulizi wa Linux" (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, unaoweza kushika nafasi ya Windows) ni mada inayomvuta anayeijua Linux tayari. Bango liseme shida aliyonayo mtu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mitumba, hizi za ex-UK zinazouzwa Moi Avenue na Luthuli Avenue, haziruhusiwi kupanda kwenda Windows 11 kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mwenye laptopu hiyo anaambiwa dukani anunue nyingine. Bango linalosema "Laptopu yako bado iko kwenye Windows 10? Njoo tuiangalie pamoja" linamgusa moja kwa moja. Akishakaa, mwonyesheni Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, inayoridhika na RAM ya gigabaiti 2 ingawa 4 ni bora, na atakuwa ameelewa Linux ni nini bila utangulizi wowote.

Siku kama hiyo ina kanuni mbili tu ambazo sikubali zivunjwe. Hakuna laptopu inayoguswa kabla ya faili za mwenyewe kunakiliwa mahali pengine na yeye mwenyewe kuzifungua na kuhakikisha zinasomeka. Na faili la kusakinisha Linux lipakuliwe mapema na mtu mmoja, liwekwe kwenye flashi kadhaa za gigabaiti 8. Watu 20 wakianza kupakua gigabaiti 3 kila mmoja kwa bando la simu, mmewatoza pesa nyingi kuliko nauli.

Mwaka wetu una misimu yake. Ritani za KRA za mtu binafsi mwisho ni tarehe 30 Juni, na kuanzia katikati ya mwezi huo saiba zote hujaa foleni; kikao cha Mei cha kujifunza kujaza mwenyewe kitapata watu, mradi kila mtu aandike nywila yake kwa mkono wake na asiyehusika ageuze uso. Jumamosi ya tatu ya Septemba huadhimishwa duniani kama Siku ya Programu Huru, yaani programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa kama Linux; siku hiyo ilianza mwaka 2004, na ni siku nzuri ya kuwaalika wanafunzi wa vyuo. Desemba, kabla watu hawajasafiri, fanyeni kikao cha kuhamisha picha za simu ili zisipotee simu ikiibwa.

Kuandika tangazo

Hili hapa la mfano. Mahali pa namba za simu nimepaacha wazi.

*Laptopu yako bado iko kwenye Windows 10? Njoo tuiangalie pamoja.*
*Jumamosi, 14 Machi 2026, saa 8 mchana hadi saa 11 jioni (14:00–17:00).*
*Ukumbi wa jamii, Kawangware, nyuma ya soko. Kutoka mjini panda matatu ya 46, shuka steji ya mwisho. Tembea dakika tano. Lango ni la kijani, mkono wa kulia, baada ya duka la dawa.*
*Ni bure. Huna laptopu? Njoo tu, tunazo mbili za kutumia.*
*Beba chaja, kitambulisho cha kuonyesha langoni, na flashi ya kuhifadhi faili zako.*
*Kama hujawahi kushika kompyuta, karibu zaidi.*
*Ukipotea piga: …… au ……*

Saa imeandikwa kwa namna mbili kwa sababu simu ya mtu inasoma 2:00 na tangazo linasema saa 8. Wapo watakaofika saa mbili asubuhi wakaukuta ukumbi umefungwa, na hao hawarudi. Tarehe ina mwezi na mwaka kwa kuwa ujumbe wa WhatsApp husambazwa miezi mingi baada ya mkutano kupita. "Jumamosi hii" ikisomwa Juni ni uongo. Neno "bure" lisimame peke yake, bila maelezo, maana mtu wa Nairobi ameshaitwa kwenye semina za bure nyingi ambazo mwishoni huuza kitu. Kama kuna mchango wa chai, taja kiasi.

Kuhusu njia ya kufika, mtumeni mtu asiyepajua akajaribu kufuata maandishi yenu. Atapiga simu: "Niko hapa, lakini naona maduka ya dawa mawili." Basi tangazo libadilike liseme duka la dawa la pili. Pini ya ramani iwepo pia, ila isiwe badala ya maelezo, kwa kuwa pini nyingi huangukia nyuma ya jengo, upande usio na lango.

Namba za simu ziwe mbili kwa sababu siku ya mkutano mmoja wenu atakuwa ameshika projekta, mwingine ashike simu. Anayeshika simu asipewe kazi nyingine saa ya kwanza.

Kulisambaza

Anzeni wiki tatu kabla, kumbusheni wiki moja kabla, kisha siku mbili kabla, halafu asubuhi yenyewe. Ujumbe wa asubuhi uwe mfupi: tuko, mlango utafunguliwa saa saba na nusu, karibuni. Wengi huamua Jumamosi asubuhi, baada ya kufua na kumaliza soko.

WhatsApp ndiyo inayobeba kazi kubwa. Gawanyeni grupu mawili: moja la matangazo, ambalo wasimamizi pekee ndio wanaandika, na lingine la mazungumzo. Mtu aliyechoka na salamu za asubuhi na video zilizosambazwa ataondoka kwenye mazungumzo bila kupoteza tangazo. Tangazo lipelekwe kama maandishi kwanza, bango la picha lifuate. Picha haisomeki kwa programu inayowasomea wasioona, haitafutiki baada ya wiki mbili, na anayetumia bando la mwisho la siku haifungui. Maandishi hunakiliwa kwa kidole kimoja.

Kwa wazee na wanaotumia simu za mulika mwizi, tumeni SMS. Herufi 160 zinatosha siku, saa, mahali na namba. Zikizidi mnalipia ujumbe wa pili.

Mabango ya karatasi bado yanafanya kazi, yakiwekwa mahali watu wanaposubiri. Saibani, pale mtu anapongoja karatasi zake zichapishwe. Kwenye duka la M-Pesa, kinyozini, ubao wa matangazo wa kanisa au msikiti, ubao wa chuo, ofisi ya chifu. Ombeni ruhusa kwa jina, na mrudi kulitoa bango mkutano ukipita. Mwenye duka atakayeona mmerudi kulitoa atawapa nafasi tena. Nguzo za barabarani na kuta za watu ziacheni. Kaunti hutoza matangazo ya nje, na bango la kubandikwa usiku huwaonyesha kama watu wa kazi za matapeli. Mkiwa Korogocho au Kibera, msisahau redio za mtaa. Koch FM na Pamoja FM zilianzishwa ziwe sauti ya wakazi, na mkutano wa bure wa mtaani ni habari kwao. Pelekeni karatasi yenye sentensi tano ambazo mtangazaji anaweza kuzisoma kama zilivyo.

Lakini kuliko vyote hivyo, mtu huja kwa sababu ya mtu. Mwisho wa kila mkutano ombeni kila aliyekuja amtaje kimoyomoyo mtu mmoja mwenye shida ya kompyuta, kisha amtumie tangazo la mwezi ujao akiwa bado amekaa kitini. Ujumbe wa "njoo, nitakungoja steji" haushindwi na bango lolote.

Langoni

Majengo mengi ya Nairobi yana soja na kitabu cha wageni. Mgeni wenu wa kwanza hukutana na yeye kabla ya kukutana nanyi, na soja asiyejua kuna mkutano atamrudisha. Fikeni mapema, msalimieni, mpeni karatasi yenye jina la kikundi, chumba na saa, na mwulizeni zamu inabadilika saa ngapi ili anayeingia naye aambiwe. Mwanafunzi wa sekondari hana kitambulisho. Kubalianeni mapema kwamba ataingia kwa jina la mmoja wenu. Laptopu ziandikwe namba zake wakati wa kuingia, hata kama soja hajaomba, ili kutoka kusiwe na mabishano. Wekeni mshale wa karatasi langoni, mwingine kwenye ngazi, na mwingine mlangoni.

Mkutano wenyewe

Mtindo ninaoupenda ulianzia mbali. Tarehe 5 Machi 1975, kule Menlo Park, California, watu 32 walikusanyika katika gereji ya Gordon French kuzungumza kuhusu kompyuta za kujiundia nyumbani. Ndicho kikao cha kwanza cha Homebrew Computer Club, na Steve Wozniak, mmoja wa waliokuja kuanzisha kampuni ya Apple, alikuwepo. Baadaye kikundi kilipokua, Lee Felsenstein alikiendesha kwa sehemu mbili: kwanza kila anayetaka anasimama kwa muda mfupi kusema anafanya nini, ana nini, anatafuta nini; kisha watu wanaachwa watafutane wenyewe ukumbini.

Kwetu sehemu hizo mbili zinafaa vizuri sana. Baada ya salamu, dakika 25 za mzunguko: jina, unatoka wapi, una shida gani au unaweza kusaidia nini. Mmoja wenu aandike ubaoni, shida upande huu, ujuzi upande ule. Mama anasema printa yake ya dukani inachapa kurasa nyeupe, na safu ya tatu kuna kijana anayetengeneza printa River Road. Hawakuwa na njia nyingine ya kujuana. Kisha somo fupi la mada iliyotangazwa, lisizidi dakika 40. Muda wote uliobaki ni wa meza: watu wawili watatu kwenye kila laptopu, na mwenye laptopu ndiye anayeshika kipanya. Msaidizi anayenyakua kipanya amesaidia mashine, mwenyewe atarudi na shida ile ile mwezi ujao.

Awepo mtu mmoja asiyefundisha chochote, kazi yake kukaa na wageni. Amwone anayesimama ukutani na kumwuliza, "Dada, wewe umekuja na swali gani?" Wazee waitwe mzee na mama, wasiitwe kwa majina mbele ya vijana, na asiwepo wa kucheka mtu anayebonyeza polepole. Anayecheka aambiwe hapo hapo, kwa upole lakini wote wasikie.

Majina, picha na pesa

Orodha ya mahudhurio ni data ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata mkiwa kikundi cha kujitolea. Ombeni jina na namba ya simu tu, semeni mtaitumia kwa matangazo ya mikutano, na msimwongeze mtu kwenye grupu bila yeye kukubali. Karatasi isizunguke chumba kizima kila mtu akisoma namba za wenzake. Ikae kwa mmoja.

Picha ni vivyo hivyo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha burudani hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tangazeni mwanzoni kwamba picha zitapigwa, tengeni safu ya wasiotaka, na watoto waachwe nje ya picha isipokuwa mzazi amekubali kwa maandishi. Picha ya mikono kwenye kibodi hutangaza mkutano vizuri bila uso wa mtu yeyote.

Pesa ziwe kidogo na zionekane. Mchango ukusanywe kwa namba ya kikundi, si ya mtu, na hesabu ibandikwe kwenye grupu jioni ile ile: kimeingia kiasi hiki, maziwa na mandazi kiasi hiki, kimebaki hiki.

Baada ya mkutano

Ndani ya siku mbili andikeni aya tatu: tulifanya nini, swali gani halikujibiwa, tutakutana lini tena. Taarifa hiyo ndiyo tangazo la kwanza la mwezi ujao. Aliyekosa ataona kwamba laptopu za watu ziliondoka zikifanya kazi, na yule mwenye swali lililobaki ataona hajasahaulika. Kabla ya kurudisha ufunguo wa ukumbi, thibitisheni tarehe inayofuata na meneja, ana kwa ana.

Kila kazi iwe na watu wawili: ufunguo, grupu, barua pepe ya kikundi, simu, ekstensheni. Wanaojitolea huhama, hupata kazi Mombasa, huzaa, huchoka, na hilo si kosa lao. Nywila ya barua pepe ikikaa kichwani mwa mtu mmoja, anaondoka na kikundi chote. Tengenezeni daftari moja lenye jina la meneja wa ukumbi, jina la soja wa Jumamosi, maduka yaliyokubali mabango na mahali ekstensheni zinapohifadhiwa. Na siku mkibadilisha mshika simu, badilisheni namba kwenye mabango yote siku hiyo hiyo, mkianza na yale ya saibani, kwa kuwa hayo husomwa na watu ambao bado hawajawafahamu.